Mangiare: Neno la Kula Lililopitia Ufaransa

Mangiare ni kitenzi cha Kiitaliano chenye maana ya kula. Anayeanza kujifunza lugha hiyo hukutana nacho siku za mwanzo kabisa, awe kijana wa Malindi anayetafuta riziki kwa watalii wa Kiitaliano au frateri aliyepelekwa Roma kusoma teolojia. Kijana wa Malindi hukikariri na kusonga mbele. Frateri ndiye hukwama, kwa sababu seminarini alifundishwa Kilatini, na katika Kilatini alichofundishwa kula ni edere.

Ikiwa Kiitaliano ni mtoto wa Kilatini, mbona neno la jambo la kila siku namna hii halifanani na la mzazi wake? Maneno mengine ya mezani yanafanana. Mkate ni pane, kutoka panis. Divai ni vino, kutoka vinum. Kunywa ni bere, zamani bevere, kutoka bibere. Chakula cha jioni ni cena katika lugha zote mbili, bila kubadilika hata herufi. Edere peke yake hakionekani.

Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, edere kilishindwa ndani ya Kilatini chenyewe. Nafasi yake ilichukuliwa na neno la mitaani lililomaanisha kutafuna. Pili, neno hilo la mitaani halikuingia katika Kiitaliano cha leo kwa njia ya moja kwa moja. Lilizungukia Ufaransa.

Kitenzi kilichokosa uzito

Edere ni neno la kale sana, jamaa wa essen la Kijerumani na eat la Kiingereza. Yote matatu yametoka katika lugha moja ya mababu. Ukale haukukisaidia. Tatizo lake linaonekana mara kinaponyambuliwa kwa kufuata nafsi:

- edo: ninakula
- es: unakula
- est: anakula
- edimus: tunakula
- estis: mnakula
- edunt: wanakula

Mwenye Kilatini kidogo ataona kasoro papo hapo. Es, est na estis ni maumbo ya kitenzi cha kuwa pia: "u", "ni", "m". Hata jina la kitenzi chenyewe lilikuwa na umbo fupi, esse, ambalo ndilo hilohilo la "kuwa". Kilichoyatenganisha ni urefu wa irabu, yaani muda ambao sauti ya e ilivutwa mdomoni. Ya kula ilivutwa, ya kuwa ilikatwa. Kilatini cha wasomi kilitegemea sana urefu huo kupambanua maana. Katika usemi wa kawaida, karne za mwisho za dola la Roma, urefu ulianza kupotea, na ukuta uliotenganisha vitenzi hivi viwili ukawa mwembamba. Si jambo dogo kwa lugha kushindwa kutenganisha "anakula" na "yupo".

Mzungumzaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kuelewa shida ya vitenzi vifupi. Mzizi wa kula ni -la, silabi moja tu. Hakuna asemaye "mtoto anala"; husemwa "anakula", kama vile anakufa, anakuja, anakunywa. Ile ku- ya katikati haiongezi maana yoyote. Ipo ili kitenzi kipate silabi ya kubebea mkazo. Kilatini hakikuwa na ku-, lakini wasemaji wake nao walikitafutia kitenzi chao uzito, na walipata njia mbili.

Ya kwanza ilikuwa kukivalisha kiambishi. Com- ikawekwa mbele ya edere ikazaliwa comedere, ambayo mwanzoni ilikuwa na nguvu zaidi: kula mpaka kumaliza. Njia hii iliota mizizi katika rasi ya Iberia, ndiyo sababu Wahispania na Wareno husema comer hadi leo. Inachekesha kidogo kwamba ndani ya comer mzizi wenyewe wa kula umetoweka kabisa. D ilidondoka, irabu zikaungana, kikabaki kiambishi cha mwanzo na mwisho wa kitenzi, vyote viwili vikiwa havina habari na chakula.

Njia ya pili ilikuwa kuliacha neno la zamani na kuchukua jingine. Hiyo ndiyo iliyofuatwa Italia, Ufaransa na Romania.

Mtafunaji mwenye mataya makubwa

Kilatini kilikuwa na kitenzi mandere, yaani kutafuna. Kutokana nacho lilipatikana jina Manducus, mtafunaji. Huyu hakuwa mtu bali kinyago: sura ya kutisha yenye mataya makubwa yaliyoachama na meno yanayogongana kwa kelele, iliyobebwa katika maandamano ya sherehe za Warumi ili kuwachekesha wakubwa na kuwatisha watoto. Plautus, mtunzi wa michezo ya kuchekesha aliyefariki mwaka 184 kabla ya Kristo, anamtaja katika mchezo wake uitwao Rudens.

Manducare kimezaliwa katika ukoo huo. Maana yake ya awali ni kutafuna, kusaga kwa meno, kula kwa kishindo. Halikuwa neno la karamu rasmi, na mwandishi aliyejali heshima yake hakuliandika katika hotuba au utenzi. Lakini lilikuwa na kila kitu ambacho edere kilikosa. Lilikuwa refu, halikugongana na kitenzi kingine, na lilifuata kundi la vitenzi vyenye mwisho wa -are, kundi jepesi kuliko yote kunyambua. Mtoto au mgeni aliyejifunza kitenzi kimoja cha kundi hilo alikuwa amejifunza vyote.

Ushahidi kwamba neno hili halikuishia kwa walala hoi umetoka mahali pasipotarajiwa. Suetonius, mwandishi wa maisha ya makaisari mwanzoni mwa karne ya 2, alisoma barua binafsi za Kaisari Augusto na kunukuu vipande vyake ili kuonyesha jinsi mtawala huyo alivyokula kidogo. Katika barua moja Augusto anasimulia kwamba alikaa siku nzima bila kuonja kitu, mpaka usiku akiwa bafuni ndipo alipokula matonge mawili kabla ya kupakwa mafuta. Kitenzi alichotumia ni manducare. Neno alilotumia kwa tonge ni bucca, ambalo kwa asili ni shavu, na kwa hiyo shavu lililojaa. Bucca nalo baadaye lilishinda: ndilo bocca la Kiitaliano, mdomo, lililochukua nafasi ya os la Kilatini cha shule. Hivyo mtu mkubwa kuliko wote katika dola, akiandika bila kujipamba, alitumia katika sentensi moja maneno mawili ya uswahilini ambayo yangekuja kuyazika maneno ya heshima.

Kutoka jikoni hadi altareni

Ukristo ulipoenea katika nchi za Magharibi, watafsiri wa Biblia walihitaji Kilatini ambacho muuza samaki angekielewa. Manducare kikapata mlango. Sura ya 6 ya Injili ya Yohane, ambamo Yesu anazungumzia kuula mwili wake, kwa Kilatini inakirudia tena na tena. Katika Misa pia, maneno juu ya mkate yanatumia umbo lake la kuamuru watu wengi, manducate, "kuleni". Kwa njia hiyo neno lililofanana na kinyago chenye meno lilifika hata Afrika Mashariki: kuanzia wamisionari wa Bagamoyo mwaka 1868 hadi mageuzi ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano katika miaka ya 1960, mapadri walilitamka altareni kwa sauti ya chini katika kila Misa.

Kwa ufupi, kufikia mwisho wa dola la Roma upande wa Magharibi, edere kilikuwa kimebaki cha vitabu, comedere kilikuwa kimeshika Iberia, na manducare kilikuwa kimeacha maana ya kutafuna na kuwa neno la kula tu.

Sauti inayotoboa siri

Hadi hapa hadithi ni ya Kilatini mtupu, na msomaji anaweza kudhani kwamba manducare kiligeuka pole pole mdomoni mwa Waitaliano kikawa mangiare. Sivyo. Lugha hubadilisha sauti zake kwa kawaida maalumu, na kawaida ya Kiitaliano haikiruhusu kitenzi hicho kufika hapo. Vitenzi vitatu vya umbo linalofanana vinatosha kuonyesha:

- kuhukumu: Kilatini judicare, Kifaransa juger, Kiitaliano giudicare
- kulipiza kisasi: Kilatini vindicare, Kifaransa venger, Kiitaliano vendicare
- kula: Kilatini manducare, Kifaransa manger, Kiitaliano mangiare

Katika safu mbili za kwanza Kiitaliano kimehifadhi sauti ya k (huandikwa c), na Kifaransa ndicho kilichoilainisha na kuibana pamoja na d. Safu ya tatu inavunja utaratibu. Mangiare kina sauti ya j iliyo ya Kifaransa, kama mtu wa bara anayeongea kwa lafudhi ya Unguja: ukoo ni uleule, lakini malezi yalikuwa kwingine. Kama kitenzi hiki kingelelewa Toscana, eneo ambalo lahaja yake ndiyo msingi wa Kiitaliano sanifu, kingebaki na k yake.

Na kweli kilikuwepo kilichobaki nayo. Watoscana wa zamani walisema manicare, na pia manducare. Haya ndiyo maumbo ya nyumbani. Mangiare ni mgeni, aliyetokana na mangier la Kifaransa cha kale.

Mgeni huyo hakuja peke yake. Mwaka 774 Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, aliuteka ufalme wa Walombardi kaskazini mwa Italia. Mahujaji na wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya milima ya Alpi waliteremka kwenda Roma kwa barabara iliyoitwa Via Francigena, njia itokayo kwa Wafranki, na kila kituo cha njia hiyo kilikuwa mahali pa kulala na kula. Wanormani, waliosema Kifaransa, waliiteka Palermo mwaka 1072. Mwaka 1266 Karolo wa Anjou, ndugu wa mfalme wa Ufaransa, aliuchukua ufalme wa kusini. Kifaransa kikawa lugha ya watu wenye farasi wazuri na hadithi tamu. Brunetto Latini, msomi wa Firenze, aliandika kitabu chake kikubwa cha elimu, Tresor, kwa Kifaransa. Safari za Marco Polo nazo ziliandikwa mwaka 1298 na Rustichello wa Pisa, Mwitaliano, kwa Kifaransa kilichochanganyika na Kiitaliano.

Mezani Kifaransa kiliacha alama zaidi ya moja. Jibini kwa Kilatini ni caseus, na mtoto wake halali katika Kitoscana ni cacio, lakini neno la kawaida leo ni formaggio, lililokuja kutoka Ufaransa na kumaanisha kitu kilichotengenezwa ndani ya kalibu. Desinare, neno la zamani la kula mlo mkuu, nalo lilitoka huko. Asili yake ni kufungua kinywa baada ya kufunga. Wanaojivunia Kiitaliano kuwa Kilatini kilichobaki safi kuliko lugha nyingine wana haki kwa mambo mengi, ila hoja hiyo wasiifanyie chakulani.

Maumbo matatu na mnara mmoja

Kipindi ambacho mgeni na wenyeji waliishi pamoja kinaonekana wazi kwa Dante Alighieri, mshairi wa Firenze aliyeishi kati ya 1265 na 1321. Mwanzoni mwa karne ya 14 aliandika kwa Kilatini kitabu kiitwacho De vulgari eloquentia, ambamo alitafuta lahaja ya Italia inayostahili ushairi wa hali ya juu. Alizipitia moja baada ya nyingine na kuzikataa zote, ya kwao ikiwemo. Ili kuonyesha jinsi watu wa Firenze wanavyosema kishamba, alitoa mfano wa sentensi inayoanza na manichiamo, "tule". Kwa maneno mengine, aliichagua manicare iwe kielelezo cha usemi wa hovyo.

Miaka michache baadaye alitunga utenzi wake mkuu, na humo akamsimulia Ugolino, mkuu wa Pisa aliyefungiwa mnarani na wanawe wakafa njaa mwaka 1289. Mwishoni mwa wimbo wa 32 wa sehemu ya Jehanamu, mshairi anamwona Ugolino akimtafuna adui yake kichwani kama mwenye njaa atafunavyo mkate. Kitenzi ni manduca. Katika wimbo unaofuata, Ugolino anasimulia jinsi alivyojiuma mikono kwa uchungu na watoto wakadhani anafanya hivyo kwa hamu ya kula. Hapo kitenzi ni manicar, lilelile neno alilolicheka. Watoto wanajitoa wenyewe wawe chakula cha baba yao, na wanaposema "ukitula sisi", kitenzi ni mangi. Maumbo yote matatu yamo ndani ya mistari isiyofika 80.

Manduca kimewekwa mwishoni mwa mstari, kwa hiyo kina kinaweza kuwa kilimlazimisha mshairi. Manicar hakiko kwenye kina. Alikuwa huru kuandika vingine na hakuandika. Neno lililokuwa la kishamba katika kitabu cha nadharia likawa sahihi mahali ambapo njaa imemvua mtu ukuu wake, na neno laini zaidi likawekwa midomoni mwa watoto wanaobembeleza. Huenda ni bahati tu; kwa Dante, bahati za namna hiyo ni adimu.

Baada ya hapo manicare na manducare vilififia, vikabaki kwa wasomaji wa maandishi ya kale. Nje ya lugha sanifu hali ni mchanganyiko. Roma na Napoli husemwa magnà, Venezia magnar, Sicilia manciari. Kisiwa cha Sardinia, ambacho hakikuguswa sana na mawimbi ya Kifaransa, kina mandigare katika lahaja zake za kaskazini, karibu kabisa na umbo la Kirumi. Waromania, waliojitenga mapema na ndugu zao wa Magharibi, husema mânca.

Kutafuna kulienda wapi, na edere kilibaki wapi

Neno linapohama hufungua pengo nyuma yake. Manducare kilipokuwa kula, kutafuna kulibaki bila jina. Pengo lilizibwa na masticare, kutoka Kigiriki, chenye udugu na mastiki, utomvu wa miti ya kisiwa cha Chios ambao watu waliutafuna ili kusafisha kinywa. Kiitaliano kingali kinasema masticare.

Edere nacho hakikufa chote. Vipande vyake vimejificha ndani ya maneno ambayo wasemaji wengi hawayahusishi na kula. Esca ni chambo, chakula cha kumnasia samaki. Inedia ni kukaa bila kula. Commestibile, kutoka comedere, ni kitu kinachofaa kuliwa. Obeso, mnene kupita kiasi, kwa asili ni mtu aliyekula akanenepa.

Maana za mangiare leo

Upande wa maana, msemaji wa Kiswahili ana nafuu kubwa, kwa kuwa kula na mangiare vimetanuka karibu njia moja. Kutu hula chuma katika lugha zote mbili. Katika drafti na sataranji, Mwitaliano anayechukua kete ya mwenzake "ameila", kama asemavyo mcheza drafti wa Kariakoo. Fedha za umma nazo huliwa. Kiitaliano kina neno la zamani mangeria, yaani mapato ya haramu ya mwenye cheo, na Waroma huuita ufisadi uliokithiri magna magna, ulaji juu ya ulaji.

Pale njia zinapoachana ndipo mwanafunzi hujikwaa. Mangiare la foglia, kwa neno moja moja "kula jani", ni kuing'amua hila kabla haijakunasa. Mangiarsi le parole, kujilia maneno, ni kuyameza wakati wa kusema yasisikike vizuri. Mangiarsi le mani, kujila mikono, ni kujuta, jirani wa kujiuma vidole. Kwa upande mwingine, Kiswahili hula kiapo na kula njama, na Mwitaliano hatakuelewa ukivitafsiri hivyo.

Kitenzi hiki pia huungana na jina kutengeneza neno jipya, kama Kiswahili kiundavyo mla-nyama. Mangiapreti, mla-mapadri, ni mtu anayechukia viongozi wa dini. Mangiapolenta, mla-ugali wa mahindi, ni jina la utani ambalo watu wa kusini huwapa wa kaskazini, nao Watoscana huitwa mangiafagioli, wala-maharage. Mangiafoco, mla-moto, ndiye mwenye vikaragosi katika Pinocchio cha Carlo Collodi, kitabu kilichotoka mwaka 1883. Mnara wa jumba la serikali ya mji wa Siena, uliojengwa karne ya 14, unaitwa Torre del Mangia kutokana na mpiga kengele wake wa kwanza, ambaye watu walimbandika jina la Mangiaguadagni, mla-mapato, kwa jinsi alivyotapanya alichokipata. Na kifaa cha kubebeka cha kupigia santuri, kilichopendwa na vijana wa miaka ya 1960 na ambacho santuri husukumiwa ndani ya mwanya wake, kiliitwa mangiadischi, mla-santuri. Kaseti zilipoingia sokoni, kifaa chake kikaitwa mangianastri, mla-kanda.